Chungu cha Mchanga Mbichi

Mabati ndiyo yaliyoniponza. Kabla yake tulikuwa na nyumba ya nyasi kama watu wengine wote wa bonde letu, chini kidogo ya Soni, na ndani yake hata mwezi wa pili mtu aliweza kukaa mchana kutwa akasahau kwamba nje jua linaunguza maharage. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, nilikuwa na mshahara, na kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa na kila mkutano ukawa wa nyumba bora, sikutaka mama yangu aonekane yuko nyuma. Nikanunua mabati. Siku lilipopigiliwa la mwisho mama alizunguka nyumba mara mbili akiangalia juu, akasema sasa hata mvua itabisha hodi kabla ya kuingia.

Mwaka uliofuata akaanza kukonda. Alikunywa maji, akakojoa, akakunywa tena, na usiku nilimsikia akipapasa mtungi. Tulimpeleka Bumbuli hospitalini, wakampima, wakasema ni kisukari, na kwamba kuanzia siku ile atachomwa sindano kila asubuhi mpaka mwisho wa maisha yake. Mama aliuliza mwisho huo uko mbali kiasi gani. Muuguzi akacheka, akamwambia ukichoma kila siku, uko mbali.

Muuguzi huyo ndiye aliyenitia wasiwasi ambao sijautoa mpaka leo. Alinikabidhi chupa tatu ndogo za dawa, akaniambia haipendi joto. Nikamuuliza ikipata joto nitajuaje. Akasema, "Pengine hutajua. Utaiona ni ileile, na mgonjwa utamchoma, lakini utakuwa umemchoma maji."

Kijijini kwetu hapakuwa na friji. Zahanati yenyewe haikuwa nayo. Kwa hiyo muuguzi alinifundisha njia ya vyungu viwili: kikubwa, na kidogo ndani yake, katikati ujaze mchanga, mchanga uwe mbichi saa zote, na juu ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Maji yakikauka taratibu yanaondoka na joto. Mchanga ukikauka, hicho ni chungu tu kama vyungu vingine.

Nikawa mtumwa wa chungu kile. Nilikiweka chumbani kwa mama, kwenye kona isiyopigwa na jua. Alfajiri nilifungua madirisha yote hewa ya milimani iingie; kabla jua halijafika kwenye kizingiti niliyafunga, nikatundika gunia lililolowa kwenye dirisha la mashariki; mchana nikalihamishia la magharibi. Jiko tulilihamishia kibandani nje, mama akalalamika kwamba nyumba isiyo na moto ndani ni kama nyumba ya wafiwa. Saa nne, wanafunzi walipotoka kucheza, nilikimbia nyumbani kumwagia mchanga kata mbili za maji, nikarudi na sketi imelowa. Saa saba tena. Saa kumi tena. Majirani walinitania, wakasema mwalimu anamwagilia chungu, tungoje tuone kitaota nini. Niliwachekea, lakini moyoni sikuwa nikicheka. Kila bati lililolia kwa joto juu ya kichwa changu lilinikumbusha kwamba tanuri lile nimelijenga mwenyewe, kwa fedha yangu, kwa sifa.

Basi ikaja barua. Walimu tuliofundisha pia elimu ya watu wazima tulitakiwa Tanga kwa semina ya siku tano, na ilikuwa katikati ya mwezi wa pili. Nilijaribu kukwepa. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nataka aandike kwamba mwalimu wake amekataa kwa sababu ya chungu. Mama mwenyewe alisema niende. Alisema ataagiza dada yake aje kukaa naye.

Dada yake huyo, mama mkubwa wangu, alikuwa akiishi Magamba, juu kabisa, ukingoni mwa msitu, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha na watu hulala na moto. Mama alipofiwa na mama yake alikuwa bado ananyonya. Mama mkubwa, binti wa miaka kama kumi na miwili, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamkuza. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimjibu dada yake neno. Akiambiwa kaa, alikaa, hata kama alikuwa na wajukuu wanaotazama.

Alifika jioni ya kabla ya safari, na kapu la viazi kichwani na shuka mbili za sufu, kwa kuwa hakuamini kwamba kuna mahali kwenye milima hii watu wanalala bila blanketi. Nikamwonyesha chungu. Nikamwonyesha kata, gunia, madirisha, saa za kumwagia. Nilirudia mara tatu kwa Kiswahili cha darasani, kisha mara moja kwa Kishambaa. Alinisikiliza kwa uso ule wa mtu mzima anayesikiliza mtoto akisoma kitabu cha shule. Mama angejichoma mwenyewe pajani. Alikwisha kujifunza, na kwa kuwa macho yake hayakuona namba nilifunga uzi mwekundu kwenye bomba la sindano mahali dawa inapotakiwa kufika. Kilichobaki ilikuwa baridi ya chungu tu. Hiyo tu.

Asubuhi mama mkubwa alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokuwa linakata kona nikaona bado sijamweleza vya kutosha, kwamba hata hivi anadhani ni dawa ya kikohozi. Nikatafuta neno litakalomwingia.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "zile chupa zitunze kama mbegu."

Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono.

"Hapo umesema, mwanangu," akasema. "Nenda salama."

Nikapanda basi nikiwa na amani ya kunifikisha Mombo tu.

Ukumbi wa semina Tanga ulikuwa na mashine ya kupoza hewa, imepachikwa ukutani juu ya ubao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Nje watu walikuwa wanatembea wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta. Ndani wenzangu walijifunika khanga mabegani, na mzee mmoja wa Pangani akaomba ahamishwe kwa kuwa upepo ulikuwa unampiga kwenye kipara. Nilikaa chini kabisa ya mashine ile, kwa makusudi. Mwezeshaji alizungumza juu ya namna ya kumfundisha mkulima kushika kalamu, nami nikawa nawaza kwamba baridi hii yote, ambayo ingetosha kumweka mama yangu hai miaka kumi, inapulizwa kwenye vichwa vya watu wanaosinzia. Nilikasirika hasa. Nilimkasirikia mzee wa Pangani, ambaye hakunikosea kitu.

Siku ya pili nilikwenda sokoni nikakutana na dereva wa lori la mboga, mtu wa kwetu, aliyekuwa akishusha kabichi na karoti na kurudi milimani siku hiyohiyo. Nikamuuliza hali ya huko. Akasema mvua hakuna, jua ni la kukausha mpaka midomo, na Soni nzima imekaa nje kwa kuwa ndani hakukaliki. Nilimwomba apite nyumbani, amwambie mama mkubwa aongeze maji kwenye mchanga, mara tano kwa siku, sita akiweza. Nilimfanya arudie ujumbe kama mtoto wa darasa la kwanza. Akarudia huku akifunga turubai.

Siku ya nne nilimngoja sokoni tangu saa mbili. Alipofika hakuwa na haraka. Alishuka, akanisalimia, akauliza habari za masomo. Nikamuuliza mama mkubwa amesema nini.

"Amesema usiwe na wasiwasi," akajibu. "Zile chupa alikwisha kuzitoa kwenye matope. Ameziweka pakavu."

"Pakavu wapi?"

Hakuwa ameuliza. Kwa nini aulize? Kwa mtu yeyote wa milimani habari kwamba kitu kimewekwa pakavu ni habari njema. Unyevu ndio adui yetu: unaozesha mahindi, unakuza ukungu kwenye viatu, unaua watoto kwa kifua. Mimi peke yangu pale sokoni ndiye niliyesikia neno hilo nikakaa juu ya gunia la karoti la watu.

Nikaenda kuaga. Kiongozi wa semina aliniambia kesho kuna mgeni rasmi na vyeti, na kwamba kila mtu ana mama. Nikamwambia ni kweli, nikatoka. Cheti changu sijakiona mpaka leo.

Dereva alinipakia mbele. Tulipita kwenye mkonge wa Korogwe mchana wa jua kali, upepo unaoingia dirishani ukiwa wa moto, nami nikawa naweka kiganja kwenye bati la mlango kupima. Nilishindwa kukiacha hapo hata nusu dakika. Nilipiga hesabu: zilitolewa lini? Kama ni juzi, mama amejichoma mara mbili. Kama ni siku niliyoondoka, mara nne. Mtu anaweza kukaa siku ngapi bila dawa? Muuguzi hakuniambia nami sikuwa nimeuliza, kwa kuogopa jibu. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo lori likawa linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na nadhani kama si aibu ningeshuka nikalisukuma.

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Kabla sijaiona nyumba niliona moshi. Haukutoka kibandani. Ulikuwa unapenya chini ya mabati, pande zote, na madirisha yote yamefungwa. Gunia langu lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kigoda mlangoni, limekauka, na mama mkubwa ameketi juu yake akichambua mboga.

Hata katika hali ile nilipiga goti. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Mmefukuzwa?"

Nikauliza mama yuko wapi. Akasema ndani, amepumzika, na kwamba amemrudishia moto kwa sababu miguu yake ilikuwa ya baridi na nyumba ilikuwa imelala kama pango. Nikauliza chupa. Akainuka, akanitangulia kwa furaha, kama mtu anayekupeleka kukuonyesha ndama aliyezaliwa ukiwa safarini.

Chungu kikubwa kilikuwa kimeoshwa na kilikuwa na maharage yaliyolowekwa. Mama mkubwa alinieleza njiani. Siku mbili alimwagia maji kama nilivyosema. Siku ya pili jioni akaingiza mkono, akaona karatasi za chupa zimebanduka na kitambaa kimeanza kunuka uvundo. Akajua nimedanganywa na watu wa vitabu. Mbegu haikai kwenye matope. Akaiweka ilipokuwa ikiwekwa mbegu na mama yake na bibi yake, ambako haijawahi kuharibika hata punje moja.

Akanyoosha kidole juu. Darini.

Nilijua kabla hajanyoosha. Mimi ni mtoto wa milima hii. Nimekua nikiona mahindi ya mbegu yakipandishwa darini, juu ya mafiga, yakaushwe na moshi mdudu asiyaguse. Kitu cha thamani kinakwenda juu ya moto. Nami nilikuwa nimesimama barabarani na kumwambia atunze kama mbegu. Tofauti ni kwamba dari la Magamba liko chini ya nyasi, na nje kuna ukungu. Hili lilikuwa chini ya mabati yangu, kwenye jua la mwezi wa pili, na moto chini yake.

Nilipanda ngazi. Kichwa kilipopita juu ya dari nilishindwa kuvuta pumzi. Chupa zilikuwa kwenye kikapu kidogo kipya, zimelazwa juu ya maganda makavu ya mahindi kwa unadhifu mkubwa, kila moja imezungushiwa ganda lake. Nilipoishika ya kwanza ilikuwa ya moto kama yai lililotolewa sufuriani sasa hivi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu haikuwepo.

Nikashuka. Sikumbuki nilivyoshuka. Mama mkubwa akasema ya tatu anayo mama mwenyewe, aliiomba tangu yeye alipokuwa anaosha chungu. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesifia mgonjwa wake, "Na maji anakunywa vizuri. Tangu juzi mtungi haukauki kitandani kwake. Kila ukipungua ananituma mtoni."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kiu. Ndivyo ulivyoanza ugonjwa wake, kwa kiu. Niliingia chumbani nikiwa nimeshika zile chupa mbili za moto kifuani na nilikuwa tayari nalia.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta, mtungi wa maji ya kunywa uko sakafuni karibu na mkono wake. Alinitazama, akatazama chupa nilizoshika, akamwita dada yake kwa upole, akamwomba amfuatie chumvi kwa jirani. Alingoja mpaka nyayo zilipotoka uwanjani.

"Ingiza mkono mtungini," akaniambia.

Niliingiza mpaka kwenye kiwiko. Maji yalikuwa ya baridi, ya mtoni. Chini kabisa nikagusa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake kitu kidogo kigumu. Nilikitoa nikakifungua. Chupa ya tatu ilikuwa ya baridi. Nikaibana shavuni.

Aliniambia mwenyewe, taratibu. Alipomwona dada yake anatoa mchanga alijua. Muuguzi alipokuwa anazungumza nami kule Bumbuli, yeye alikuwa anasikia. Basi akamwomba chupa moja iliyojaa, akasema ni ya kutumia, akaizamisha. Na kwa kuwa maji ya mtungini nayo hupata joto nyumba ikiwa na moto, akawa anayanywa, hata bila kiu, hata tumbo likimuuma, ili mtungi upungue na dada yake aende mtoni kuleta mengine ya baridi. Mara sita, mara saba kwa siku. Mama mkubwa mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyekuwa akiipoza dawa.

"Kwa nini hukumwambia tu?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira sasa, hasira ya mtu aliyepona hofu. "Ungekufa, mama."

"Alinibeba mgongoni," akasema. "Ningemwambiaje kwamba ananiua?"

Kisha akanishika kidole, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na amenikataza jambo. Akasema nisimwambie dada yake. Hata yeye akitangulia, nisimwambie.

Kesho yake niliamkia Bumbuli na zile chupa mbili za darini. Muuguzi alizitazama kwenye mwanga. Zilikuwa safi kabisa, huwezi kujua. Akazitupa. Alinipa moja ya kunivusha mpaka mzigo mwingine ufike, nami nikarudi nayo nimeizungushia kitambaa kibichi, nikisimama kila penye kijito. Mama mkubwa alirudi Magamba mwisho wa wiki, na khanga mpya niliyomnunulia, na shukrani zote mbele ya majirani. Maharage yake tulikula. Mabati sikuyang'oa, sikuwa na uwezo huo, lakini niliyaezekea nyasi juu, nikawa kichekesho cha kijiji kizima, na mwalimu mkuu akaniuliza kama hayo ndiyo maendeleo.

Mama aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Na katika miaka hiyo sikulala nje ya nyumba ile zaidi ya usiku mmoja. Kila Krismasi mama mkubwa aliposhuka kuja kutuona alisimulia mezani jinsi alivyoikuta dawa inaoza, na jinsi akiba isivyooza ikiwekwa mahali pake. Nilikuwa nauma ulimi. Kuna mwaka nilitoka nje, nikasimama nyuma ya kibanda kwa hasira, kwa kuwa alikuwa anamweleza jirani namna ya kutunza dawa za mtoto wake. Jirani yule nilimfuata mwenyewe baadaye, kwa siri.

Tulipomzika mama, mama mkubwa alikuwa amezeeka sana, ameletwa kwa machela kutoka barabarani. Watu walipokuwa wamekaa uwanjani baada ya sala, alianza kusimulia. Alisema mdogo wake asingefika umri ule. Alisema kulikuwa na dawa inazama kwenye matope na hakuna aliyekuwa na akili ya kuitoa, yeye ndiye aliyeitoa kwa mikono yake hii, na akainyoosha mikono ili tuione. Kisha akanitafuta kwa macho yale yasiyoona tena vizuri, akauliza kama ni uongo.

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimelingoja swali hilo miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na jibu lake lote, na mwenye kunizuia alikuwa ameshafukiwa.

Nilikwenda nikapiga goti mbele yake.

"Si uongo, mama mkubwa," nikasema. "Ulizitunza kama mbegu."

Akaweka mkono kichwani kwangu, akaniambia nisilie.